Milioni sita za Nkuhungu: ulinde akiba au upunguze kodi?

MWENYE DUKA: Duka la vifaa vya ujenzi hapa Nkuhungu linauza kwa sababu Dodoma inajengwa. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku kweli, na CDA, mamlaka iliyokuwa ikiendeleza makao makuu, ikavunjwa mwaka uliofuata, saruji haikai stoo. Tuseme duka la namna hiyo linauza milioni 60 kwa mwaka na, likishalipa pango, vibarua na usafiri, linabakiza milioni 4.8. Kwa mfumo wa makadirio uliowekwa 2022, mauzo ya kati ya milioni 11 na milioni 100 yanatozwa asilimia 3.5. Hapo ni milioni 2.1, karibu nusu ya faida. Pembeni kuna akiba ya milioni 6: nyingine iko kwenye simu, nyingine kikundini, nyingine ndani ya nyumba. Muda wa mwenye duka kukaa chini na mambo haya ni Jumapili moja moja. Jumapili hiyo aitumie kupunguza zile milioni 2.1 au kulinda zile 6? Msinijibu "vyote viwili", hilo halihitaji mjadala.

MSHAURI WA KODI: Aanze na kodi, kaka, na mfano wako mwenyewe unatosha. Asilimia 3.5 ya mauzo haiulizi kama umepata faida au hasara, nayo humuumiza zaidi anayeuza bidhaa yenye faida nyembamba kama saruji. Lakini mfumo huo si pingu. Sheria ya Kodi ya Mapato inamruhusu mfanyabiashara binafsi kuchagua kutoka humo, akatengeneza hesabu na kutozwa kwa faida yake halisi. Kwa viwango vya mtu binafsi, shilingi 3,240,000 za kwanza kwa mwaka hazitozwi kitu, na kinachofuata hadi 6,240,000 kinatozwa asilimia 8. Faida ya milioni 4.8 inatozwa kwenye 1,560,000 tu, yaani kodi ni 124,800. Linganisha na milioni 2.1. Tofauti ni karibu milioni 2, na hakuna aliyeficha risiti wala kumpigia simu mtu wa ndani. Sasa hiyo akiba ya milioni 6 uiweke benki kwa riba ya asilimia 5, itakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 ya riba, utabaki na 270,000. Jumapili moja ya kodi imezidi miaka 7 ya riba. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sehemu kubwa ya mali inayopotea hivyo kwa wafanyabiashara wetu inapotelea kwenye makadirio ambayo hawakuyapinga.

MWEKA HAZINA WA KIKUNDI: Hesabu yako sina ugomvi nayo, mwanangu. Nina ugomvi na ulichokiacha nje. Umelinganisha kodi na riba, kana kwamba akiba ikipotea hupotea kwa kukosa riba. Akiba za watu wa kawaida nchi hii hazikuishia huko. Mwaka 2009 upatu wa DECI ulipofungwa, waliokuwa wamepanda mbegu wakisubiri kuvuna walipoteza mtaji, siyo asilimia 10 ya riba. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki 5 kwa mpigo: Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wakulima Kagera na Benki ya Wananchi Meru. Wakati huo Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa inafidia hadi milioni 1.5. Mwenye milioni 6 humo alipewa moja na nusu, kwa nyingine akaambiwa asubiri mfilisi auze mali za benki. Na yule aliyesema benki siziamini akaweka fedha chini ya godoro, naye Benki Kuu ilitangaza kuziondoa noti za zamani, zilizotoka kati ya 1985 na 2003 pamoja na noti ya 500 ya 2010, ikatoa muda wa kubadilisha kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Aliyesahau bahasha yake ana karatasi. Katika matukio yote hayo hutaiona Mamlaka ya Mapato, TRA. Kodi inachukua kwa kiwango unachokijua kabla. Hasara ya mtaji inakuja bila kiwango.

MSHAURI WA KODI: Umechagua matukio, mama, nami nichague langu. Uganda, mwaka 1987, noti mpya zilitolewa, sifuri mbili zikakatwa, na juu ya hapo Serikali ikachukua asilimia 30 kama kodi ya kubadilishia fedha. Hiyo haikugusa faida, iligusa akiba yenyewe. Kwa hiyo hili la kusema kodi ina adabu na haigusi mtaji siyo kweli kila mahali na kila wakati. Hata hapa kwetu, Julai 2021, tozo ya miamala ya simu ilipoanza ilikuwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, nayo haikuuliza kama fedha unayotoa ni faida au ni ada ya mtoto uliyoikusanya mwaka mzima. Ilikata kila fedha ilipotembea. Anayeweka akiba kwenye simu bila kujua kodi inaikuta wapi, analinda mlango wa mbele huku wa nyuma uko wazi.

MWEKA HAZINA WA KIKUNDI: Mfano wa tozo nilikuwa nausubiri. Tazama watu walivyofanya ili kuikwepa. Waliacha simu wakarudi kwenye noti. Fedha ikatumwa kwa dereva wa basi la Kondoa ikiwa imefungwa kwenye bahasha, mauzo ya siku yakalala dukani, akiba ya mwezi ikahamia kabatini. Kila shilingi mia chache iliyookolewa ilinunuliwa kwa kuiweka fedha yote mahali ambapo mwizi, moto na ndugu mwenye shida wanaweza kuifikia. Serikali ilipunguza tozo Septemba 2021, ikapunguza tena 2022, na 2023 ikaondoa ile ya kutuma. Tozo imebadilika mara kadhaa ndani ya miaka miwili, lakini aliyeibiwa kabatini hakurudishiwa na bajeti yoyote. Hilo ndilo ninalolisema: kodi ikiwa ndiyo inayokuamulia fedha ikae wapi, itakutoa mahali salama.

MSHAURI WA KODI: Unamzungumzia mkwepaji, mimi namzungumzia mpangaji. Hatari uliyoitaja imetokana na kujificha. Ninachomshauri mwenye duka ni kinyume chake: aonekane zaidi, kwa hesabu zinazosomeka. Ukiwa na hesabu, hata ukikadiriwa kupita kiasi una siku 30 za kuweka pingamizi. Mwenzako asiye na hesabu anakwenda pale dirishani na malalamiko matupu, tena sheria inamtaka atangulize theluthi moja ya kodi aliyokadiriwa au kiasi ambacho hakina ubishi, kipi kikubwa, ndipo pingamizi lake lipokelewe. Kwa mtu wa makadirio ya milioni 2.1, theluthi ni laki 7. Itatoka wapi? Itatoka kwenye hizo hizo milioni 6 unazotaka tuzilinde. Huwezi kuilinda akiba huku umeacha wazi mlango ambao kila Machi, Juni, Septemba na Desemba kuna awamu ya kulipa.

MWENYE DUKA: Mshauri, hapo panapendeza mezani, dukani pana shida. Ukitaka kutozwa kwa faida, kila gharama uioneshe kwa risiti ya mashine ya EFD. Mwenye duka la rejareja ananunua kwa mtu wa jumla. Mtu wa jumla anakuuliza, "Unataka na risiti au bila risiti?" na bei zinatofautiana. Ukisema na risiti, wengine wanakuandikia nusu ya ulicholipa. Hesabu ya faida hapo inaharibika mapema: mauzo yako yameandikwa yote kwenye mashine, manunuzi yako yameandikwa nusu, na kwa macho ya TRA umepata faida ambayo hujawahi kuiona. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023 hadi Waziri Mkuu akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja, kero za kodi na risiti zilikuwa mbele. Nkuhungu tunachukua mzigo kwenye mnyororo huohuo.

MSHAURI WA KODI: Kweli tupu, na sitalipunguza. Asiyepata risiti halali za manunuzi abaki kwenye asilimia 3.5, maana kutoka kule akiwa hana ushahidi ni kujipeleka kwenye kodi kubwa zaidi. Lakini piga hesabu ya ile bei ya "bila risiti" kabla ya kuishangilia. Ukipunguziwa shilingi 300 kwenye mfuko wa saruji, umenunua kitu ambacho kikija kimeganda huna pa kukirudisha, bidhaa zikikamatwa barabarani huna cha kuonesha, na mwisho wa mwaka umejifungia mwenyewe kwenye asilimia 3.5. Risiti inafanya kazi ya kodi na ya ulinzi kwa pamoja. Ndiyo maana nasema kazi ya kodi ikifanywa vizuri, nusu ya kazi ya ulinzi imekwisha.

MWEKA HAZINA WA KIKUNDI: Ungesema ulinzi ukifanywa vizuri, kodi inajipanga yenyewe, ningekuelewa haraka zaidi. Tuchukue viwanja, maana akiba nyingi za Nkuhungu ziko kwenye ardhi kuliko benki. Kiwanja kilinunuliwa milioni 10, kikajengwa ukuta na kuchimbwa kisima kwa milioni 12, kinauzwa milioni 40. Mwenye kumbukumbu zote ana faida ya milioni 18, anatozwa asilimia 10, yaani milioni 1.8. Asiye na kumbukumbu za gharama, kwa utaratibu uliowekwa 2023, anatozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyothibitishwa, ipi kubwa. Asilimia 3 ya milioni 40 ni milioni 1.2. Methali yako ya daftari, mwanangu, hapa sheria yenyewe imeipinda: asiye na daftari kalipa laki 6 pungufu. Kwa kanuni ya kodi kwanza, mshauri mwema atamwambia mteja wake azichane risiti za ukuta.

MSHAURI WA KODI: Hapo umenishika, kwa mfano huo.

MWEKA HAZINA WA KIKUNDI: Sasa endelea na mfano, umwangalie mnunuzi. Muuzaji anayefikiria kodi tu anamwambia, "Tuandike milioni 15, sote tupumue." Wanakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili, karatasi inasema 15, mkononi zimepita 40. Mji huu unajulikana kwa kiwanja kimoja kuwa na watu wawili, kila mmoja na karatasi yake. Ni mgogoro uliokuwapo tangu enzi za CDA na haujaisha kwa kuivunja. Siku mwenye karatasi ya pili akijitokeza na mnunuzi wetu akataka kurudishiwa fedha, atadai kiasi gani mbele ya baraza la ardhi? Karatasi aliyoitia saini mwenyewe inasema 15. Ili mwenzake aokoe kodi, yeye kajifutia milioni 25 za madai. Na hizo 25 hazikuwa faida ya mtu, zilikuwa akiba ya miaka.

MSHAURI WA KODI: Huyo hakupunguza kodi, amedanganya, na hakuna mshauri mwenye leseni atakayeisimamia karatasi hiyo. Tena sheria imeshamwona, ndiyo maana ikaweka neno la thamani iliyothibitishwa, ili bei ya uongo isimsaidie muuzaji. Lakini nikubali jambo moja ulilolisema bila kulisema: kwa mnunuzi, bei kamili kwenye mkataba ni ulinzi, na siku atakapouza yeye ndiyo gharama atakayoitoa kwenye faida. Kwake kodi na ulinzi havigombani. Vinagombana kwa muuzaji anayetaka kuondoka mapema. Kwa hiyo swali si lipi kwanza kwa watu wote, ni nani anabaki na mali na nani anaiuza na kuondoka.

MWEKA HAZINA WA KIKUNDI: Mwenye duka anabaki. Kwa hiyo turudi kwake. Milioni 2 ulizomwokolea, kama risiti zimepatikana, zinakwenda wapi?

MSHAURI WA KODI: Ningemwambia azipeleke kwenye hatifungani za Serikali za muda mrefu. Unaanza na milioni 1, riba yake haikatwi kodi ya zuio, na anayekopa ni Serikali. Hapo wewe umepata ulinzi wako, nami nimepata kodi yangu. Mwaka 2021 ya miaka 25 ilianza kwa riba ya asilimia 15.95, mwaka uliofuata mpya zikashushwa hadi 12.56, aliyewahi bado anakula ile ya kwanza. Na hapa niseme kitu ambacho hutakipenda, mama. Sanduku la kikundi halina bima. Bodi ya Bima ya Amana imepandisha fidia kutoka milioni 1.5 hadi 7.5 mwaka 2023, kwa hiyo milioni 6 zote za kaka huyu, zikiwa katika benki moja yenye leseni, zimefunikwa. Zikiwa kikundini hazijafunikwa hata senti. Unayehubiri ulinzi umekaa juu ya fedha isiyolindwa na chombo chochote.

MWEKA HAZINA WA KIKUNDI: Isiyolindwa na bima. Ina walinzi wengine. Kikundi kilichosajiliwa halmashauri chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 kina katiba na majina. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu wasiolala nyumba moja, na kila mkutano fedha inahesabiwa kwa sauti, wanachama wote wanasikia jumla ya wiki iliyopita kabla ya kuongeza ya leo. Mweka hazina akitaka kuiba lazima aibe mbele ya watu thelathini. Sisemi inatosha. Fedha ikishakuwa nyingi isilale sandukuni, ipelekwe benki, na mwenye milioni 6 asiziache zote kikundini hata kama anatupenda. Lakini kikundi kinamlinda na kitu ambacho benki haiwezi: kinamzuia yeye mwenyewe. Akiba nyingi haziibiwi, zinatolewa na mwenyewe kwa harusi ya binamu. Kuhusu hatifungani yako, miaka 25 ni mirefu kwa mtu ambaye nyumba yake iko upande wa bondeni, ambako mvua zikizidi maji yanatuama hadi dirishani. Siku hiyo anahitaji fedha Jumatatu. Anaweza kuiuza kabla ya muda, ndiyo, kwa bei atakayoikuta sokoni. Na mwishoni mwa 2011 mfumuko wa bei nchi hii ulikaribia asilimia 20. Ungekuwa umeshika 12.56 wakati huo, kutokatwa kodi kungekufariji kidogo sana.

MSHAURI WA KODI: Mfumuko sasa uko kati ya asilimia 3 na 4, na kupanga maisha kwa kuutazama mwaka 2011 ni kumnyima mtu faida ya miaka yote ya katikati. Woga nao unatoza. Anayekaa na milioni 6 kwenye akaunti isiyo na riba kwa sababu ni salama anapoteza karibu laki 2 za nguvu ya kununua kila mwaka kwa kiwango hiki kidogo cha mfumuko, na hakuna atakayemtumia makadirio ili ajue.

MWEKA HAZINA WA KIKUNDI: Hiyo nakubali. Lakini mipango ya kodi inayodumu miaka mingi nayo ina hatari ya kanuni kubadilika ukiwa ndani. Mfanyakazi wa kampuni anayepokea 1,200,000 akichangia asilimia 10 kwenye mfuko wa pensheni wa NSSF, ile 120,000 inatolewa kabla ya kodi, anaokoa 36,000 kila mwezi. Vizuri. Ila ametoa fedha mkononi akaiweka chini ya kanuni za mwingine. Waulize waliokuwa kwenye mifuko ya PSPF na LAPF, ambao walipanga nyumba zao za uzeeni kwa mkupuo wa asilimia 50. Kikokotoo cha mafao kikabadilishwa 2018, kikasimamishwa baada ya kelele, kikaja 2022 kwa asilimia 33, kikapandishwa 2024 hadi 40. Nyumba iliyochorwa kwa 50 haijengwi kwa 40.

MSHAURI WA KODI: Na waliokuwa NSSF walitoka asilimia 25 wakaenda 33, halafu 35. Kanuni ilibadilika kwa kuwapa. Tena mkupuo ukipungua pensheni ya kila mwezi inakuwa kubwa zaidi, nayo ni ulinzi dhidi ya ile harusi ya binamu uliyoitaja. Hoja yako kuhusu mtu kuzuiwa na kikundi ni hoja ya mfuko wa pensheni, mama, tofauti ni nani anashika ufunguo.

MWENYE DUKA: Ngoja niwabane. Mtu wa kutengeneza hesabu za mwaka, kupanga risiti na kujaza ritani anataka fedha. Tuseme laki 3. Duka halina laki 3 za ziada mwezi huu, mzigo wa mabati umezimeza na wateja wawili wanadaiwa. Nizitoe kwenye akiba?

MSHAURI WA KODI: Zitoe. Laki 3 zinazorudisha hata nusu ya zile milioni 2, hakuna mradi mwingine Nkuhungu unaolipa hivyo ndani ya mwaka. Kuziacha zikae salama huku unalipa 525,000 kila awamu ni kulinda kisichokuwa na faida ukaacha chenye faida kiende.

MWEKA HAZINA WA KIKUNDI: Usizitoe. Dai kwanza wale wateja wawili. Nasema hivyo nikijua kwamba mshauri yuko sahihi kuhusu mapato ya hiyo laki 3 iwapo risiti zote zitapatikana, na wewe mwenyewe umesema zinaandikwa nusu. Anakuomba utoe akiba ya uhakika kwenda kununua punguzo lenye "iwapo". Ukizitoa mara ya kwanza kwa sababu nzuri, ya pili utakuwa unalipia awamu ya Machi, nayo ina sababu nzuri pia, kuna adhabu ukichelewa. Ikifika Desemba tukivunja mzunguko hutakuwa na cha kugawana.

MSHAURI WA KODI: Na asipozitoa, awamu ya Machi bado itakuja, ikiwa kubwa vilevile. Italipwa na nini?

MWENYE DUKA: Na mauzo, kama kawaida.

MSHAURI WA KODI: Na mauzo yakiyumba?

MWENYE DUKA: Na akiba.

MWEKA HAZINA WA KIKUNDI: Basi mpe hizo laki 3 kwa masharti haya: akuoneshe kwanza, kwa manunuzi ya miezi mitatu iliyopita, ni risiti ngapi zina bei kamili. Zikipungua robo tatu, arudishe fedha na ubaki kwenye asilimia 3.5.

MSHAURI WA KODI: Nusu, mama. Robo tatu hakuna duka litakalofika.